Risasi haipotei: tukatae neno «balle perdue»

Ndugu wasikilizaji, ndugu wasomaji, na zaidi ninyi mliokimbia vijiji vyenu na kulala leo katika shule, kanisani, chini ya turubai ao kwa familia iliyowapokea: kuna neno moja ambalo nataka tulikatae pamoja. Neno hilo ni «balle perdue», risasi iliyopotea.

Mnalijua. Mtoto anapigwa akiwa anateka maji. Mama anapigwa akiwa amelala, ukuta wa mbao umetobolewa. Kijana anapigwa akirudi sokoni. Asubuhi mkubwa mmoja anakuja, anatazama, anatikisa kichwa, anasema: pole sana, ilikuwa risasi iliyopotea. Hapo maneno yanaisha. Hakuna anayeulizwa, hakuna bunduki inayokamatwa, hakuna karatasi inayoandikwa. Familia inaachiwa maiti na deni la sanduku.

Mimi nasema: risasi haipotei. Kuku anapotea. Mbuzi anapotea. Mtoto anapotea sokoni, na mama yake anamtafuta mpaka ampate. Kitu kikipotea, mwenyewe anakitafuta. Ni nani mmeona katika mji huu akizunguka mtaa kwa mtaa akitafuta risasi yake iliyopotea? Hakuna. Kwa sababu haikupotea. Ilikwenda pale mdomo wa bunduki ulipoelekezwa, na mdomo wa bunduki ulielekezwa na mkono wa mtu.

Ili tuelewane vizuri, ni lazima niseme kidogo juu ya ile chuma yenyewe. Wengine watasema mwandishi wa redio anafundisha watu kupiga. Hapana. Wenye bunduki wanayajua haya tayari. Wasioyajua ni wale wanaopigwa, na kwa kutojua kwao wanakubali kila jibu wanalopewa.

Bunduki ina macho

Tazameni Kalashnikov, ile tunayoiona kila siku begani mwa vijana. Juu yake kuna vipande viwili vidogo vya chuma. Kimoja kiko nyuma, karibu na uso wa mpigaji, kina mfuo mdogo katikati. Kingine kiko mbele kabisa, karibu na mdomo wa bunduki, kimesimama kama kijino. Kulenga, ao kuvize kama tunavyosema mtaani, ni kuweka kijino cha mbele katikati ya mfuo wa nyuma, vichwa vyao vikiwa sawa, kisha kukiweka kile kijino juu ya kitu unachotaka kupiga. Jicho, mfuo, kijino, shabaha: vyote katika mstari mmoja. Fundi mwashi anafanya hivyo hivyo na kamba yake: anapiga misumari miwili, na hiyo inamwonyesha ukuta utaelekea wapi.

Si hayo tu. Kile kipande cha nyuma kina namba. Kwenye Kalashnikov za zamani zinaanza 1 mpaka 8, kwenye zile zilizofuata zinafika 10. Kila namba ni mita mia moja. Mpigaji anasogeza kidude, anachagua umbali, kwa sababu risasi ikienda mbali inashuka, na bunduki imetengenezwa ili ashuke nayo kwa hesabu. Ndiyo kusema, aliyeitengeneza alifikiri juu ya mahali risasi itaangukia. Alimpa mpigaji njia ya kujua. Anayefunga macho yake asitazame njia hiyo hawezi baadaye kutuambia kwamba risasi ndiyo iliyopotea. Aliyepotea ni yeye.

Sasa hesabu ndogo. Kati ya mfuo wa nyuma na kijino cha mbele kuna karibu sentimita 38. Mkono ukitetemeka, kijino kikaenda pembeni kwa milimita moja tu, yaani unene wa msumari mwembamba, basi kwenye mita 100 risasi imekwenda pembeni sentimita 26. Kwenye mita 300 imekwenda pembeni karibu sentimita 80. Na hii ni milimita moja, ya mtu anayejitahidi kulenga. Je, yule anayepiga bunduki ikiwa kiunoni, akikimbia, amelewa, ao ameinyanyua juu ya ukuta bila kuchungulia? Hapo hatuhesabu tena kwa sentimita. Tunahesabu kwa nyumba.

Mnajua nyumba zetu. Katika kambi, hema na hema vilitenganishwa na hatua mbili ao tatu. Mjini Goma nyumba nyingi ni za mbao na mabati. Risasi ya Kalashnikov inatoka mdomoni kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde moja, mara mbili ya mwendo wa sauti. Anayepigwa anapigwa kabla ya kusikia mlio. Ubao hauizuii, mabati hayaizuii, turubai ndiyo usiseme. Na isipokutana na kitu inaweza kwenda zaidi ya kilometa mbili. Kwa hiyo askari anayepiga ovyo kwenye kona moja ya mji anapiga pia mtaa ambao hauoni, kwa watu ambao hawajui hata kama kuna ugomvi.

Kidole na kidude cha pembeni

Kuna jambo lingine. Upande wa kulia wa bunduki hiyo kuna kidude kirefu cha kushusha. Juu kabisa, bunduki imefungwa. Ukishusha hatua ya kwanza, inapiga mfululizo. Ukishusha mpaka chini, inapiga moja moja. Mfululizo huo ni mwendo wa risasi karibu 600 kwa dakika: kisanduku cha risasi 30 kinakwisha kwa sekunde tatu. Bunduki inaruka, mdomo unapanda. Risasi ya kwanza labda ilikuwa na shabaha. Ya tano inapiga bati. Ya kumi inakwenda mahali mwenyewe hajui.

Mtu aliyefundishwa anajua hivyo. Anajua kwamba kati ya watu anaposhusha kidude hicho hatua moja badala ya mbili, amechagua. Tumezoea kusikia ile tatatata usiku, na asubuhi tunaambiwa walikuwa wanafukuza mwizi. Mwizi mmoja, risasi thelathini. Moja labda ilimwelekea mwizi. Zile nyingine 29 zilikuwa za nani? Zilikuwa zetu.

Kupiga juu si kupiga hewa

Kuna wale wanaosema: sisi hatumlengi mtu, tunapiga juu. Wanapiga juu kwa furaha, wanapiga juu wakizika mwenzao, wanapiga juu ili kutawanya watu kwenye foleni ya chakula, wanapiga juu wakitoka kunywa kwenye nganda. Kana kwamba mbingu ina pango la kuhifadhia risasi.

Kinachopanda kinashuka. Mwanajeshi wa Marekani, Julian Hatcher, katika kitabu chake cha mwaka 1947, alieleza majaribio ya kupiga risasi wima kabisa: walikadiria kwamba inarudi chini kwa mwendo wa karibu mita 90 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kutosha kuvunja fuvu la kichwa. Na hiyo ni ile iliyopigwa wima. Mlevi hapigi wima. Anapiga kwa kuinamisha, na risasi ya namna hiyo inaruka juu ya mji kama jiwe la manati na kuanguka ikiwa bado na nguvu zaidi.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Kisiwani Puerto Rico, usiku wa kuingia mwaka 2004, watu 19 walipigwa na risasi za sherehe na mmoja akafa. Kabul, Septemba 2021, wapiganaji walipiga juu kwa furaha ya ushindi, na watu wasiopungua 17 waliuawa kwa usiku mmoja. Hakukuwa na adui. Hakukuwa na vita katika mitaa hiyo usiku ule. Kulikuwa na furaha tu, na asubuhi kukawa na makaburi.

Majibu wanayotupa

Jibu la kwanza: «Ni vita. Adui anajificha kati ya raia. Nani anaweza kulenga vizuri huku anapigwa?»

Ninalichukua jibu hili kwa uzito, kwa sababu mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia ndani ya Goma, sote tuliona. Hospitali zilijaa, majeruhi wakalazwa chini. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambayo Msalaba Mwekundu wa Kimataifa unaisaidia kwa upasuaji wa majeruhi wa silaha, ilizidiwa. Hakuna aliyesema vita ni kazi rahisi. Lakini sheria ya vita haikuandikwa kwa ajili ya siku za amani. Mapatano ya Geneva na nyongeza zake za mwaka 1977, ambazo inchi yetu imeziridhia, zinasema ni lazima kutenganisha anayepigana na asiyepigana, na kwamba kushambulia ovyo, bila shabaha ya kijeshi, ni marufuku. Usipoweza kutenganisha, usipige. Na anayekwenda kujiweka kati ya mahema ili raia wawe ukuta wake, naye ana hatia. Adui kuwa karibu na mama yangu hakukupi ruhusa ya kumpiga mama yangu.

Na jambo hili si la bunduki ndogo peke yake. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert na kuua watu zaidi ya 15, wengi wao watoto na wamama. Mzinga nao una chombo cha kulengea, nao una hesabu ya umbali, nao una mtu aliyepima na mtu aliyetoa amri. Kama bunduki yenye namba kumi haiwezi kusema ilipotea, mzinga unaohitaji watu kadhaa na hesabu kabla ya kupiga utasemaje? Na yule aliyeweka mizinga yake karibu na kambi, akijua kwamba jibu litaangukia wakimbizi, atasemaje? Pande zote nazisemesha hapa. Risasi haina kabila, na aliyeipiga asijifiche nyuma ya bendera.

Jibu la pili: «Ni vijana tu, hawakufundishwa vizuri.»

Hilo si jibu, hilo ni kukiri. Mwezi Mei 2023 bunge na serikali walipitisha sheria ya kuunda jeshi la akiba, na vijana wengi tunaowaita Wazalendo walihesabiwa upande huo. Upande wa pili nao unaandikisha na kufundisha wake kila mara. Sawa. Lakini motari akifika kwenye njia panda bila permi, pikipiki yake inakamatwa, kwa sababu tunaogopa atagonga mtu. Pikipiki! Na kijana aliyepewa bunduki jana, ambaye hajui namba zile za nyuma zinasema nini, anapita mbele ya shule na hakuna anayemuuliza chochote. Kama hajui kulenga, aliyempa bunduki ndiye wa kuulizwa kwanza. Bunduki haikuota shambani kama mhogo. Kuna aliyeitoa, kuna aliyeandika namba yake, kuna aliyegawa risasi.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu tunajipa sisi wenyewe: «Ajali haina kinga. Tembo wawili wakipigana, nyasi ndizo zinaumia.»

Wazee wetu walikuwa na hekima, lakini methali hizi tumezigeuza kuwa blanketi la kufunika uzembe wa watu. Tembo hana kijino cha chuma kwenye pua. Tembo hana kidude cha kuchagua moja moja ao mfululizo. Tembo hapewi mshahara ili atazame anakokanyaga. Na sisi si nyasi. Nyasi haziendi kwa hakimu. Sisi tunaweza kwenda.

Sheria haikuomba nia mbaya

Na hapa ndipo neno «balle perdue» linapotuibia. Linatufanya tuamini kwamba kama askari hakukusudia kumuua mtoto wako, basi hakuna kosa. Si kweli. Kitabu cha sheria ya makosa ya jinai ya Kongo, kifungu cha 52, kinasema wazi: anayesababisha kifo ao jeraha kwa kukosa kufikiri mbele ao kukosa kuchukua tahadhari ana hatia, hata kama hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Kifungu kinachofuata kinaweka adhabu ya kifungo. Kwa upande wa askari, mahakama za kijeshi zina kosa la kutapanya risasi za vita, na mara nyingi tumelisikia likisomwa katika kesi pamoja na kosa la kuvunja amri. Ndiyo kusema, hata kama risasi haikumpata mtu, kuipiga ovyo peke yake ni kosa.

Na juu ya malipo: sheria ya kiraia, ile ya tangu mwaka 1888, kifungu cha 258, inasema kila tendo la mtu linalomletea mwingine hasara linamlazimisha aliyekosa kulipa. Kifungu cha 259 kinaongeza: hata kwa uzembe. Kifungu cha 260: hata bwana kwa ajili ya wale anaowatuma kazi. Sheria hii ni ya zamani kuliko babu zetu. Haikungojea sisi tulie ili ianze kusema.

Lakini sheria haiwezi kufungua dosie ya kitu kilichopotea. Ukisema «ilipotea», wewe mwenyewe umefunga dosie kabla haijafunguliwa. Ukisema «mtoto wangu alipigwa saa moja ya jioni na risasi iliyotoka upande wa barabara», hapo sasa kuna la kuuliza: nani alikuwa barabarani saa hiyo?

Njia ina mwanzo

Nimewaambia kwamba bunduki inalenga kwa alama mbili zilizo katika mstari mmoja. Sasa geuzeni. Risasi ikitoboa ubao wa upande huu na kutoka upande wa pili, imewaachia alama mbili. Tundu la kuingilia na tundu la kutokea. Wapelelezi wanavuta kamba kutoka tundu moja hadi jingine, na kamba inaonyesha upande risasi ilikotoka, kama ilikuwa juu ya kilima, ao barabarani, ao nyuma ya choo. Ile hesabu aliyopewa mpigaji ili apige, nyumba yako inaihifadhi ili imshitaki.

Kwa hiyo, wazazi wangu, kaka na dada, jambo hili likiwapata, na Mungu awaepushe nalo, fanyeni haya kama hali ya usalama inaruhusu.

Kwanza mtu: mpelekeni majeruhi hospitali haraka, mengine yatangoja. Hospitalini ombeni karatasi ya muganga inayosema wazi ni jeraha la risasi, liko wapi mwilini, na lilifika saa ngapi. Kama wametoa risasi mwilini, ombeni iandikwe.

Pili, andikeni saa, siku, na jina la mtaa. Piga picha ya matundu kwa simu kabla hayajazibwa, na picha nyingine ya mbali inayoonyesha nyumba nzima. Kama ukuta lazima uzibwe kwa sababu ya baridi na mvua, pima kwanza kimo cha kila tundu kutoka chini.

Tatu, kitu chochote ambacho hakijalipuka, iwe grenadi ao bomu, msiguse, na watoto wasikaribie. Wajulisheni wanaohusika na wawekeni watu mbali.

Nne, toeni habari kwa shefu wa mtaa, kwa viongozi wa sosiete sivile, kwa kanisa, kwa auditora ya kijeshi pale inapofanya kazi. Kama leo hakuna ofisi ya kumwendea, ao kumwendea ni hatari, hifadhini karatasi na picha mahali salama, na mpe nakala mtu mnayemwamini. Ofisi zinafungwa na kufunguliwa. Wakubwa wanakuja na kuondoka. Karatasi inangoja.

Ninachowadai

Ninawadai makamanda wa kila upande: hesabuni risasi zinazotoka na zinazorudi. Askari aliyetoka doria na risasi 30 akarudi na 12 aeleze 18 ziko wapi. Ondoeni bunduki kwenye nganda, sokoni, na kwenye foleni za posho. Asiyejua kulenga asipewe. Anayepiga juu kwa furaha anyang'anywe siku hiyo hiyo, mbele ya wenzake.

Ninawadai wakubwa wa mitaa: msije tena kwenye kilio na neno «balle perdue» mdomoni. Njoni na kalamu.

Ninawadai wenzangu wa redio, wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo, Beni na vijiji vyote: tuache kulisema neno hilo kwenye mikrofoni. Tuseme hivi: «amepigwa risasi na mtu ambaye bado hajajulikana». Ni maneno marefu zaidi, lakini ndani yake kuna mtu. Na mahali penye mtu pana swali, na swali likirudiwa kila asubuhi kwenye habari ya saa kumi na mbili na nusu, siku moja mwenyewe atachoka kulisikia.

Na ninawadai ninyi mliofiwa: msikubali kwamba mtoto wenu aliuawa na kitu kisicho na mwenyewe. Alizaliwa na watu, alipewa jina na watu, na aliuawa na mtu. Kudai jina la mtu huyo si kutafuta kisasi. Ni kutafuta lile ambalo kwa kweli limepotea katika inchi hii, nalo ni haki.